Barua Pepe na Kalenda ya Chuo: Ni Mali ya Nani?

Kwa miaka kadhaa ofisi yetu ya taaluma ilitumia anwani ya bure ya barua pepe ambayo padre mmoja aliifungua kwa simu yake. Ilifanya kazi vizuri mpaka padre huyo alipotumwa masomoni ng'ambo. Kompyuta ya ofisi ilipoharibika tukajaribu kuingia kwa kompyuta nyingine, tukaombwa namba ya uthibitisho. Namba hiyo ilikuwa ikitumwa kwenye laini ambayo padre aliiacha na ilikwisha fungwa. Ndani ya kikasha kile mlikuwa na barua za udahili wa mafrateri, matokeo na mawasiliano na wafadhili. Hatukuingia tena.

Sasa chuo kinachagua mfumo mpya, na wengi wameniuliza upi ni mzuri. Mimi naona kwanza tujiulize anwani itakuwa mali ya nani.

Kila anwani ina sehemu mbili zinazotenganishwa na alama ya @, ambayo Mmarekani Ray Tomlinson aliichagua mwaka 1971. Kushoto ni jina la mtu au ofisi, kulia ni jina la kikoa. Kulia kukiwa na gmail.com, sisi ni wapangaji tu. Chuo kikiwa na kikoa chake, ambacho kwa vyuo vya Tanzania huishia na .ac.tz, kinaweza kubadili mtoa huduma na anwani zikabaki zile zile, kama vile S.L.P. isivyobadilika tarishi akibadilika. Ada ya kikoa hulipwa kila mwaka, kwa hiyo iingie kwenye bajeti ya mhasibu, isiachiwe mtu kuikumbuka. Na ofisi zipewe anwani za ofisi: taaluma, mhasibu, gambera. Padre akihamishwa, anayempokea anapewa neno jipya la siri na kazi inaendelea.

Baada ya hapo uchaguzi wa mtoa huduma unakuwa mwepesi kidogo. Google na Microsoft hutoa vifurushi vya bure kwa taasisi za elimu zinazotambuliwa. Zamani Google haikuweka kikomo cha hifadhi kwa taasisi hizo. Mwaka 2021 ikatangaza kwamba kila taasisi itagawana terabaiti 100, na baadaye Microsoft nayo ikaweka kikomo. Kwa chuo cha ukubwa wetu nafasi hiyo inatosha sana. Ila tujue kwamba masharti ya cha bure hupangwa na mtoaji.

Njia nyingine ni kuweka seva yetu wenyewe na programu huria. Zamani niliitetea njia hii kwa nguvu. Lakini umeme hukatika, diski hufa, na seva isiyosanidiwa sawasawa barua zake huhesabiwa na wengine kuwa barua taka. Tena fundi pekee anayeijua akiondoka, tumerudi kule kule kwa padre na laini yake. Kwa chuo ambacho mtaalamu wake wa kompyuta ndiye pia anayefundisha Kilatini, sishauri.

Kalenda ndiyo yenye mambo. Wengi huidhani ni nyongeza ya barua pepe, kumbe ndiyo itakayotusumbua kila siku. Chukueni Pasaka. Mifumo hii hujua kurudia tukio kila juma, kila mwezi au kila mwaka, lakini haijui kukokotoa Pasaka. Mwaka 2026 ni tarehe 5 Aprili, mwaka 2027 ni tarehe 28 Machi, na Jumatano ya Majivu, Pentekoste na mafungo ya Kwaresima husogea nayo. Lazima mtu aziingize upya kila mwaka.

Halafu kuna saa. Sisi tunasema saa mbili asubuhi, mashine inataka 8:00. Katibu mmoja aliandika 2:00 kwa kikao cha walezi, simu zikatuamsha saa nane usiku. Vilevile mfumo uwekwe kwenye majira ya Afrika Mashariki tangu mwanzo. Mhadhiri anayefundisha kwa mtandao akiwa Roma yuko nyuma yetu kwa saa mbili wakati wa baridi, na saa moja wakati wa kiangazi chao. Mfumo ukijua majira ya kila mmoja, hesabu hiyo hufanywa yenyewe.

Jambo zito kuliko yote ni nani anaona nini. Frateri akiandika kwenye kalenda yake kwamba saa kumi anaonana na mlezi wa kiroho, je, darasa zima litaliona? Mfumo tutakaochagua uweze kuwaonyesha wengine tu kwamba mtu ana nafasi au hana, bila kutaja sababu, na uwekwe hivyo kabla ya mtu yeyote kuanza kuutumia. Msimamizi wa mfumo naye ana uwezo wa kubadili neno la siri la yeyote na kuingia. Kwa hiyo mambo ya dhamiri yasiandikwe humo kabisa, hata kwa barua pepe. Kwa taarifa nyingine, kama matokeo na vyeti vya afya, tunabanwa pia na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Kabla ya kutia saini, tumuulize mtoa huduma tutatokaje. Barua ziweze kunakiliwa kwenda mfumo mwingine, na kalenda ihifadhike kama faili la .ics, muundo unaosomwa na karibu kila programu ya kalenda. Asiyeweza kujibu hilo tumwache.

Kuhamia kufanyike wakati wa likizo ndefu. Mfumo wa zamani usifungwe siku hiyo hiyo, maana barua chache zitaendelea kufika huko. Uachwe wazi mwezi mzima na mtu mmoja aukague kila asubuhi. Kabla ya kuondoka, kila frateri apite ofisini na simu yake ili awekewe anwani mpya na uthibitisho wa hatua mbili, kwa laini iliyosajiliwa kwa jina lake mwenyewe.