Pointi Sawa, Bingwa Mmoja

Mwaka 2002, mjini Heraklion, Ugiriki, wavulana wawili walimaliza kileleni wakiwa na pointi sawa katika mashindano ya dunia ya sataranji kwa watoto wa chini ya miaka 12. Mmoja alikuwa Ian Nepomniachtchi wa Urusi, mwingine Magnus Carlsen wa Norwei. Ubingwa ukaenda kwa Nepomniachtchi. Hawakurudi ubaoni kuumaliza ubishi, ilipigwa hesabu.

Hesabu hiyo huwavuruga wazazi wengi. Mashindano ya vijana kwa kawaida huendeshwa kwa mfumo wa Uswisi: hakuna anayetolewa, ushindi ni pointi 1, sare ni nusu, na kila raundi unapangiwa mpinzani mwenye pointi kama zako au zinazokaribia. Mtoto aliyefungwa asubuhi bado ana mchezo mchana, na huo ndio uzuri wake. Ila wawili wanaweza kufikia pointi zilezile kwa njia tofauti kabisa. Tuseme Asha anashinda raundi nne mfululizo. Kuanzia hapo anakutana na vigogo watupu. Juma anafungwa raundi ya kwanza, anaangukia kwa wachovu, anapanda kidogo kidogo, na siku ya mwisho yuko sawa na Asha.

Njia za kuwatenganisha ni kadhaa. Inayotumika sana ni Buchholz: jumlisha pointi za mwisho za wapinzani wako wote. Wa Asha wakiwa na 38 na wa Juma 33, Asha anatangulia. Mara nyingi mpinzani mwenye pointi chache kuliko wote huachwa nje ya hesabu, na ni haki. Akiugua akajitoa mapema, kwa nini aumie aliyemfunga? Hata hivyo, nafasi yako inategemea meza usizokalia. Yule uliyemfunga juzi, leo unamwombea ashinde.

Mimi naikubali Buchholz kama kipimo cha ugumu wa safari, si kama njia ya kumpata bingwa. Wakubwa hawaridhiki nayo. London, 2018, Carlsen na Fabiano Caruana walitoka sare michezo yote 12 ya kuwania ubingwa wa dunia; wakapewa michezo ya muda mfupi, Carlsen akashinda mitatu mfululizo. Kwa watoto, waandaaji husema muda hautoshi. Michezo miwili ya dakika kumi kumi kwa kila mchezaji haizidi dakika 40, na hotuba za wageni rasmi siku ya kufunga huchukua zaidi ya hapo.