Je, Wajua? Kwa Nini Picha ya Mama Imekuwa Nyekundu

Picha ya babu ya nyeusi na nyeupe inaweza kudumu kuliko ya rangi aliyopigwa mama miaka mingi baadaye. Ya babu imeundwa kwa chembe za fedha, madini yale yale ya pete. Ya mama ina tabaka tatu za rangi: buluu, nyekundu na njano. Kwenye karatasi nyingi za miaka ya 1970, buluu ndiyo iliyokuwa dhaifu. Hufifia hata ndani ya sanduku lenye giza, ukoo mzima ukabaki mwekundu kama vumbi la kijijini.

Kupata picha hizo, vijiji kama Iguguno, wilayani Mkalama, vilitegemea mpiga picha wa kutembea. Alikuja siku ya mnada, Idi au Krismasi, kamera shingoni. Mkanda wa kawaida ulibeba picha 36, na haukusafishwa mpaka uishe. Kisha ulipelekwa mjini. Ukishalipa kianzio, kilichobaki ni subira.

Mombasa, kwenye kivuko cha Likoni, wenzake wa miaka ya 1990 walikuwa na vibanda vyenye mandhari ya kuchorwa: meli, ndege, majumba. Abiria wa matatu akaonekana wa ndege!

Kama picha zenu zimebandikwa kwenye albamu zenye kurasa za gundi, zitoeni taratibu. Gundi ile huziharibu. Zipigeni upya kwa simu, kivulini, bila flashi. Nyuma ya kila moja andikeni majina kwa penseli laini, wazee wangalipo wa kuwatambua waliomo.