Milango ya Kabati za Jikoni Penye Hewa ya Unyevu

Watu wengi hudhani ya kuwa uzuri wa mlango wa kabati hutokana na rangi yake. Mimi pia nilidhani hivyo, mpaka nilipohamishwa kikazi kutoka Nairobi kwenda Mombasa. Huko niliamua kutengeneza jiko la nyumba yetu kwa akiba ya mwaka mzima, ambayo mimi na mke wangu tulikuwa tumeikusudia kununulia tangi la maji ya mvua. Muuzaji mmoja aliniambia kuwa mbao zote ni sawa zikishapakwa rangi, nami nikachagua zile za bei ya chini. Milango ilipokwisha pakwa ilimeta kama sahani mpya, hata majirani wakaja kuitazama.

Kabla ya masika kwisha, milango mitatu ilikuwa haifungiki. Ule wa chini ya beseni la kuoshea vyombo ulikuwa umevimba kingo zake kama mkate uliochovywa katika chai. Mke wangu hakunigombeza. Alisema tu, "Baba Neema, tangi lingekuwa limejaa sasa."

Nilimwita fundi mmoja mzee aje kuitazama kazi ile. Alipitisha kidole ukingoni, akasema, "Mwanangu, rangi ni nguo tu. Mgonjwa haponi kwa kuvishwa kanzu mpya." Kisha akanifundisha mambo haya, ambayo nayaandika ili yamfae mwingine.

Jambo la kwanza ni kufahamu kuwa ubao hunywa unyevu wa hewa na kuutoa tena. Ubao uliokaushwa bara, ukiletwa pwani, hauna budi kupanuka. Haurefuki kwa kiasi cha kuonekana, bali hupanuka kwa upana wake. Ubao mzima wenye upana wa milimita 300 waweza kuongezeka milimita 2 hivi, na hizo zatosha kuufanya mlango ukwame. Kwa hiyo mbao zikinunuliwa zisifanyiwe kazi siku ile ile. Zipangwe ndani ya nyumba kwa majuma kadhaa, na vijiti viwekwe kati yake ili hewa ipite, mpaka zizoee hewa ya mahali hapo.

Jambo la pili ni kuchagua kitu chenyewe. Ule ubao niliouzwa mimi ulikuwa wa vipande vidogo vya mti vilivyogandishwa kwa gundi, ambao mafundi huuita chipubodi. Huo ukiingiwa na maji huvimba, wala haurudi tena hali yake ya kwanza. Ubao wa unga wa mti ulioshindiliwa, uitwao MDF, ni laini sana na hupokea rangi vizuri kuliko mbao zote, kwa sababu hauna nyuzi wala vifundo. Lakini ule wa kawaida nao huharibiwa na maji. Iko namna yake iliyotengenezwa kustahimili unyevu, na mara nyingi hutiwa rangi ya kijani ndani ili itambulikane. Hata hiyo haifai kuloweshwa.

Plaiwudi ni imara zaidi, kwa kuwa tabaka zake hupishanishwa nyuzi, moja ikiizuia nyingine isipanuke. Hata hivyo, nguvu yake hutegemea gundi. Mwombe muuzaji kipande kidogo, ukakichemshe katika sufuria kwa saa chache. Kikiachana tabaka, gundi yake ni ya kazi za mahali pakavu, nawe usikubali kuuziwa.

Anayependa mbao halisi aweza kutumia saipresi iliyokaushwa vema. Mvule ni bora na hudumu sana, lakini siku hizi ni adimu na ghali, na kuufunika kwa rangi ni kama kuficha dhahabu. Mlango wa mbao halisi usiwe wa ubao mmoja mpana. Ufanywe fremu, na paneli ya katikati itiwe katika mfuo bila gundi, ipate nafasi ya kupanuka na kusinyaa. Paneli hiyo yaweza kuwa ya plaiwudi nyembamba, na pengine hivyo ndivyo bora kwa mtu mwenye fedha za kadiri.

Jambo la tatu ni namna ya kupaka. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Unyevu huingia upesi zaidi mahali palipokatwa na msumeno, yaani kingo na vichwa vya mbao. Basi hapo papakwe rangi ya kwanza mara mbili, na kupigwa msasa kati ya mara moja na nyingine. Upande wa ndani wa mlango nao upakwe sawasawa na wa nje. Ukipaka upande mmoja tu, upande ule mwingine hunywa unyevu peke yake, na mlango hupinda. Matundu ya bawaba yapakwe pia kabla ya kutia skurubu. Wala usipake siku ya mvua, au alfajiri wakati ubao ungali na ubaridi wa umande.

Mwisho, bawaba na skurubu za chuma cha kawaida hushika kutu upesi karibu na bahari, na kutu hiyo huchafua rangi. Zile za shaba au za chuma kisichoshika kutu zagharimu zaidi, lakini hununuliwa mara moja. Kabati nayo isibanwe sana ukutani. Iachiwe nafasi ndogo nyuma, hewa ipite, ukungu usipate makao.

Fundi yule alinifanyia milango mipya ya fremu za saipresi na paneli za plaiwudi iliyokwisha kuchemshwa mbele ya macho yangu. Masika mawili yamepita, nayo ingali ikifungika kwa kidole kimoja. Gharama ya milango ile miwili kwa pamoja, ya kwanza na ya pili, ilizidi bei ya mbao nzuri ambazo nilizikataa siku ile dukani. Tangi tulilinunua mwaka uliofuata, na maji ya masika ya kwanza yalikwisha pita.