Mwanafunzi wa habari naye apewe malipo ya awali

Mkulima wa Kilimanjaro anapofikisha kahawa kwenye chama cha msingi, utaratibu wa ushirika humpa malipo ya awali. Nyongeza humfikia baada ya mnada. Mantiki yake inaeleweka na kila mwenye kihamba, shamba la familia. Kibarua hulipwa leo na ada ya mtoto hudaiwa leo. Anayezalisha hawezi kula ahadi.

Katika biashara ya habari mkoani humo, hekima hiyo bado haijamfikia mwanafunzi. Vijana wanaosomea uandishi Arusha, Mwanza au Dar es Salaam hurudi Moshi na barua ya chuo kuomba nafasi ya fildi. Jibu wanalolizoea ni kwamba nafasi ipo, malipo hayapo. Anayeishi Majengo au Soweto hufika redioni kwa miguu. Anayetoka Tarakea, Kahe au Mwanga hupiga hesabu ya nauli, chumba, chakula cha mchana na bando, na mara nyingine hesabu hiyo ndiyo inayomtoa kwenye fani. Hapo mhariri hajasoma hata sentensi yake moja.

Soko lenyewe si dogo. Moshi ina Sauti ya Injili, redio ya KKKT, pamoja na Moshi FM na Kili FM. Wilayani Hai ipo Boma Hai FM. Magazeti ya Mwananchi, Nipashe na HabariLeo huhaririwa Dar es Salaam na kutegemea waandishi walioko mkoani. Wengi wa hao ni makorespondenti wasio na mkataba wa ajira, wanaolipwa kwa stori iliyotoka. Stori isipotoka, nauli ya bodaboda ya kupanda Kibosho imeliwa na mlima. Mwandishi wa namna hiyo hana cha kumgawia mwanafunzi, na wala hana ulinzi pale mwenye warsha anapomwekea bahasha mbele.

Gharama ya kuingia nayo imepanda. Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 na kanuni zake za 2017 zimeweka stashahada kuwa sifa ya chini ya mwanahabari. Bodi ya Ithibati ya wanahabari, ambayo mtangazaji mkongwe Tido Mhando aliteuliwa kuwa mwenyekiti wake mwaka 2024, ndiyo inayosimamia sifa hizo. Taaluma inastahili kulindwa, lakini kila kigezo kina bei yake. Serikali ilipoanza kukopesha wanafunzi wa stashahada mwaka wa masomo 2023/2024, vipaumbele vilikuwa fani kama afya, ualimu wa sayansi, usafirishaji, madini na kilimo. Aliyechagua habari alibaki na mfuko wa mzazi. Njia ya mkato ya mtandaoni nayo ilikuwa na geti: kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018 zilidai shilingi 100,000 za maombi, 1,000,000 za leseni na 1,000,000 nyingine za kila mwaka, kabla ada hizo hazijapunguzwa baadaye.

Msomaji anaweza kuuliza inamhusu nini yeye. Inamhusu kwa sababu habari hufuata macho ya mwandishi wake. Bei ya kahawa ikitangazwa, aliyekulia mjini ataandika alichosema ofisa wa Bodi ya Kahawa. Binti aliyekulia Rombo atauliza swali jingine: mama ndiye aliyechuma, akamenya na kuanika, mbona jina kwenye daftari la chama ni la baba? Anajua kwamba kihamba kimekuwa kikirithishwa kwa wana wa kiume. Kijana wa Kahe akisikia mgogoro wa maji atafuata mfongo, mfereji wa umwagiliaji, mpaka juu aone nani anayeyakinga kabla hayajafika tambarare. Aliyewahi kubeba mizigo ya watalii ataisoma tofauti habari ya intaneti ya kasi iliyofikishwa kambi ya Horombo mlimani, mita 3,720, mwaka 2022. Atataka kujua ujira wa wapagazi umepanda mita ngapi.

Nchi hii ina ushahidi kwamba macho hayo ya mwandishi hubadilisha maisha. Mwaka 1987 wanahabari wanawake walianzisha TAMWA. Kwa kuandika walichokiona na kuungana na wanaharakati wengine, walisaidia kusukuma sheria ya makosa ya kujamiiana ya 1998. Na Moshi yenyewe ilikuwa na Komkya, gazeti la Kiswahili lililoanzishwa 1953 chini ya Baraza la Wachaga, ambamo wasomaji walijadiliana habari za utawala na maendeleo yao. Mlima huu umezoea kujisemea.

Fedha zitoke wapi? Mfuko wa Vyombo vya Habari Tanzania, ulioanza 2008, umesaidia waandishi kufika vijijini, ila ruzuku ya aina hiyo humkuta mtu akiwa tayari ndani ya fani. Marekani wana mfano wa kuangalia: Dow Jones News Fund, ulioanzishwa 1958, huchuja na kufundisha wanafunzi, kisha chombo kinachowapokea ndicho kinachowalipa mshahara wa kipindi cha mafunzo. Gharama hugawanywa, na kila upande una sababu ya kutaka mwanafunzi afaulu.

Moshi inaweza kuanza na mfuko mdogo wa nauli, chakula na bando. MECKI, chama cha waandishi wa Kilimanjaro, kinaweza kuusimamia. Chuo Kikuu cha Ushirika kinajua namna ya kutunza vitabu vya fedha. Vyama vya kahawa, wenye hoteli na kampuni za utalii zichangie. Kuwe na masharti mawili yasiyolegezwa: mchangiaji asichague mwanafunzi, wala asione stori kabla haijatoka. Nafasi zigawanywe kwa wilaya, na nusu ziende kwa wasichana.

Redio nayo itavuna. Inaishi kwa matangazo ya vifo, maduka ya pembejeo, shule na wafanyabiashara wa Himo na Mwika. Mwandishi anayejulikana Mkuu au Same huleta wasikilizaji wa Mkuu na Same, na mwenye duka hufuata wasikilizaji waliko.

Hakuna chama cha ushirika kinachomwambia mkulima alete kahawa bure ili azoee mnada. Mwanafunzi anayeingia redioni alfajiri, akarekodi, akahariri, na sauti yake ikaenda hewani saa moja usiku, amefikisha mavuno. Alipwe ya awali.