Mwalimu wa Fasihi na Kishikwambi: Chanzo cha Mashaka

Mwalimu mwenzangu, nawe mtahiniwa, husemwa mara nyingi kuwa walimu hukikataa kishikwambi kwa sababu wamezoea chaki. Kauli hii ni nyepesi mno. Mhusika wa riwaya hatumhukumu kabla ya kuchunguza kinachomsukuma kutenda. Mwalimu naye anastahili haki hiyo.

Mwaka wa 2013 muungano wa Jubilee uliwaahidi watoto wa Darasa la Kwanza vipakatalishi. Usambazaji ulipoanza mwaka wa 2016, walipewa vishikwambi, na hatimaye vifaa zaidi ya milioni 1 vikafika katika shule za msingi. Walioanza Darasa la Kwanza mwaka huo ndio waliofanya KCPE ya mwisho mwaka wa 2023, kisha wakaja kwetu sekondari.

Mashaka ya walimu yana sababu tatu. Kwanza ni mazingira: umeme hupotea, wanafunzi ni wengi, na vifaa hufungiwa kabatini kwa kuhofia wizi. Pili ni heshima: mwalimu huona haya kubabaika mbele ya wanafunzi wanaokijua kifaa kumliko.

Sababu ya tatu inatuhusu sisi wa fasihi hasa, nayo ni hofu ya muhtasari. Mwanafunzi wangu mmoja aliwahi kunitajia maudhui manane ya riwaya bila kusita. Nilipompa dondoo aeleze muktadha wake, hakumjua hata msemaji. Alikuwa amesoma muhtasari kwenye skrini. Riwaya yenyewe hakuifungua. Nikapiga marufuku vifaa hivyo katika kipindi changu.

Nilikosea. Niliagiza orodha ya maudhui, naye akaniletea orodha. Baadaye, katika fasihi simulizi, niliwatuma wanafunzi wakarekodi ngano kwa nyanya zao wakati wa likizo. Tuliposikiliza darasani, kiimbo cha fanani, kimya chake na vicheko vya hadhira vilikuwa wazi. Hayo kitabu huyataja tu.

Kwa hivyo, mwalimu, kabla ya kukiwasha kishikwambi jiulize: je, kinamfikisha mwanafunzi kwenye kazi ya fasihi, au kinampitisha kando yake? Jibu hilo ndilo likuongoze kukitumia au kukiweka kando. Nawe mtahiniwa, kumbuka kwamba dondoo hutolewa kitabuni, wala si katika muhtasari.