Sikio Lisilopewa Alama

Rangwi iko juu kwenye Usambara Magharibi, wilayani Lushoto, katika njia wanayoifuata wapanda milima wakielekea Mtae. Mtoto wa huko huongea Kisambaa nyumbani na kusoma shule ya msingi kwa Kiswahili. Akifika kidato cha kwanza anakuta baiolojia, jiografia na hisabati zote zimehamia kwenye Kiingereza. Kuanzia hapo, sehemu kubwa ya siku yake darasani ni kusikiliza: mwalimu anaeleza, yeye anatega sikio na kunakili. Halafu, miaka minne baadaye, Baraza la Mitihani la Tanzania linapompima Kiingereza, sikio hilo haliulizwi lolote.

Mtihani wa kidato cha nne ni wa maandishi, saa tatu: ufahamu, ufupisho, matumizi ya lugha, fasihi. Hakuna kanda wala spika chumbani. Mtoto wa darasa la nne angalau hukutana na imla.

Wachina wamechagua njia nyingine. Katika mtihani wao wa kuingia chuo kikuu, *gaokao*, karatasi ya kawaida ya Kiingereza ina alama 150, na 30 kati ya hizo ni za kusikiliza: maswali 20 kwa dakika kama 20. Karibu na vituo vya mtihani madereva huzuiwa kupiga honi. Korea Kusini imekwenda mbali zaidi. Hata ndege hazipai wala kutua wakati watahiniwa wanasikiliza Kiingereza.

Kusoma kunapimika kwa urahisi zaidi, au ndivyo inavyodhaniwa. Mwaka 1953 Mmarekani Wilson Taylor alieleza mbinu ya mapengo: chukua kifungu, futa neno moja kila baada ya maneno kadhaa, mwache msomaji ajaze. Anayefuata maana atajaza; asiyefuata atakwama. Tuseme kifungu kinasema: "Mkulima alipeleka magunia ya ____ sokoni Lukozi, lakini mvua ilikuwa ____ barabara." Kijana wa Rangwi ataandika viazi kabla hajamaliza sentensi, na barabara anajua vizuri mvua huifanya nini. Mpe sasa kifungu cha treni za chini ya ardhi za London, chenye sarufi ileile na maneno mepesi vilevile, alama zitashuka. Lugha yake haijapungua. Kilichopungua ni mazoea ya jambo linalosimuliwa, na hapo ndipo watunga mitihani wengi hujidanganya: wanadhani wamepima Kiingereza, kumbe wamepima pia mahali mtoto alikokulia.

Hata hivyo, mapengo hayo yaliwahi kutoa habari nzito nchini. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu, chini ya Jackson Makweta, ilipendekeza Kiswahili kianze kufundishia sekondari. Serikali haikukubali. Waingereza wawili, Clive Criper na Bill Dodd, wakapima wanafunzi kwa mtihani wa mapengo, na ripoti yao ya 1984 ikasema ni takriban asilimia 10 tu ya wanafunzi wa kidato cha nne waliofikia kiwango ambacho mtu angetarajia kufundishwa kwa Kiingereza *kuanze*. Yaani walikuwa wanamaliza safari kabla ya kufika kituo cha kuondokea. Mtu angetegemea namba hiyo ifunge mjadala. Badala yake, Kiingereza kilibaki, na mwaka 1987 ukaanza mradi uliofadhiliwa na Uingereza wa kusambaza vitabu vya hadithi vilivyopangwa kwa viwango vya ugumu. Wasomi kama Martha Qorro wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wameendelea kuhoji uamuzi wa kubaki na Kiingereza kwa miaka mingi.

Kusikiliza ni kazi nyingine kabisa. Ukurasa unaweza kuurudia. Sauti ikipita imepita. Kisha kuna irabu. Kiswahili kina tano, Kisambaa vilevile, ilhali Kiingereza kina zaidi ya mara mbili ya hizo. Sikio lililolelewa kwa tano husikia *ship* na *sheep* kama neno moja, na mwenye sikio hilo anaweza kuwa msomaji hodari asiyekosea hata moja kati ya hayo mawili akiliona limeandikwa. Ndiyo maana alama za ufahamu haziwezi kusimama badala ya alama za kusikiliza. Mtanzania anayeomba chuo ng'ambo huenda akaligundua hilo kwenye mtihani wa IELTS: maswali 40, sauti inachezwa mara moja tu.

Kwa nini basi kusikiliza kusipimwe hapa nyumbani? Umeme ni sababu moja. Paa la bati ni nyingine: mvua ya Usambara ikianza kupiga, hata mwalimu aliye mbele ya darasa hasikiki. Njia rahisi ni mwalimu mwenyewe kusoma kifungu mara mbili, wanafunzi wajibu maswali, na kwa zoezi la darasani hiyo inatosha kabisa. Kwa mtihani wa taifa haifai. Msomaji wa Rangwi na msomaji wa Dar es Salaam hawatamki sawa wala hawaendi mwendo mmoja, na watahiniwa wao wangekuwa wamefanya mitihani miwili tofauti.