Maneno Madogo ya Kiingereza na Kazi Zake

Leo napenda kusema nanyi juu ya maneno madogo ya Kiingereza. Mwanafunzi hujitahidi sana kukariri maneno makubwa, akayaandika daftarini moja moja. Lakini barua yake mara nyingi huharibika kwa maneno madogo. Maneno hayo ni ya namna mbili. Kwanza yako yale yanayosimama badala ya jina, kama "I", "he", "she", "we" na "they". Hayo twayaita viwakilishi. Pili yako yale yanayofunga neno na neno, au sentensi na sentensi, kama "and", "but", "because" na "although". Hayo twayaita viunganishi. Kila moja likiwa peke yake si gumu. Ugumu huanza yanapokutana.

Sababu yake ni hii: Kiswahili huficha ndani ya kitendo vitu ambavyo Kiingereza huviweka nje. Tazameni sentensi hii: "Nilikwenda sokoni nikanunua samaki." Katika neno "nikanunua", "ni" yaonyesha mtenda, na "ka" yaonyesha ya kuwa tendo hili lafuata lile la kwanza. Mwingereza hana neno la namna hiyo. Yeye husema, "I went to the market and I bought fish." Hapo "and" limesimama peke yake, "I" peke yake, na "bought" peke yake. Hali kadhalika neno letu "naye". "Naye akasema" ni "and he said", bali "alikuja naye", ikiwa wote wawili ni wanaume, ni "he came with him." Neno letu ni lile lile moja, lakini Kiingereza chalitenga mara mbili, na kila mara kiwakilishi chatoka na sura yake. Basi mwenye kuandika Kiingereza hana budi kulifungua furushi hili, na kuweka kila kitu mahali pake.

Tuanze na hizo sura. Mimi ni mimi katika Kiswahili, nikitenda au nikitendwa. Katika Kiingereza, mtenda ni "I", na mtendwa ni "me". Ziko jozi tano za kushika: "I" na "me", "he" na "him", "she" na "her", "we" na "us", "they" na "them". "You" na "it" havibadiliki. Mtu akiwa peke yake katika sentensi, wanafunzi wengi hawakosei: hawasemi "Me went", wala "He gave I a book." Lakini mara "and" ikiingia na kumletea mwenzake, hutatizika. Wengine huandika "Me and Juma went," na wengine, wakidhani ya kuwa "I" ni neno la heshima zaidi, huandika "He gave Juma and I a book."

Dawa yake ni nyepesi. Mwondoe mwenzako, usikilize kinachobaki. Katika "He gave Juma and ... a book," ukimwondoa Juma, hubaki "He gave me a book." Basi na ukimrudisha Juma, andika vile vile: "He gave Juma and me a book." Na katika sentensi ya kwenda, hubaki "I went", basi ni "Juma and I went." Kiunganishi kazi yake ni kufunga tu, hakina amri ya kubadili sura ya kiwakilishi. Angalieni pia utaratibu wa adabu: sisi twasema "mimi na Juma", bali Mwingereza katika maandishi humtanguliza mwenzake, na kujitaja mwisho.

Ni kweli ya kuwa Waingereza wenyewe, katika mazungumzo ya nyumbani, husema mengi yasiyofuata kanuni hii. Hata Shakespeare, katika mchezo wa The Merchant of Venice, ambao Mwalimu Julius Nyerere aliufasiri na kutolewa mwaka 1969 kwa jina la Mabepari wa Venisi, alitumia "I" baada ya "between", katika barua ya Antonio kwa rafiki yake Bassanio, mahali ambapo kanuni yataka "me". Lakini mwenye kuandika barua ya kazi, au mtihani, afuate kanuni. Maana msomaji wake huipima elimu yake kwa mambo kama hayo.

Sasa tufike kwenye kosa lililo zito zaidi, kwa kuwa halionekani kuwa ni kosa. Kiswahili chasema, "Tulikwenda na Juma," na watu waliokwenda waweza kuwa wawili tu, mimi na Juma. Yule "tu" wa kitendo amekwisha kumhesabu Juma ndani yake. Mwanafunzi hufasiri neno kwa neno, akaandika, "We went with Juma." Kiingereza chake ni safi, wala mwalimu hawezi kukipigia mstari mwekundu, lakini maana imebadilika. Kwa Mwingereza, "we" ni watu wawili au zaidi, na Juma ameongezwa juu yao. Watu wawili wamekwisha kuwa watatu!

Msidhani ya kuwa hili ni jambo la darasani tu. Tuseme mtu amepokea shilingi 60,000 pamoja na Ali, nao ni wawili tu, ikawapasa kugawana sawasawa. Akiandika, "We received the money with Ali," msomaji atauliza, "Hao wengine ni nani?" Kila mmoja wao alistahili shilingi 30,000, lakini wakihesabiwa watatu, fungu la kila mtu ni shilingi 20,000, na mtu wa tatu hayuko duniani. Au tuseme ni shahidi aeleza nani alikuwapo mahali fulani usiku. Neno moja dogo lamwongeza mtu asiyekuwapo. Basi tukitaka kusema watu wawili, tuandike "Ali and I", tukomee hapo.

Jambo la tatu ni kujua wakati wa kuweka kiwakilishi na wakati wa kukiacha. Sisi twasema, "Baba yangu anaumwa," na ile "a" ya mwanzo ni lazima. Kwa hiyo mwanafunzi huandika, "My father he is ill." Kwa Kiingereza jina likiisha kutajwa, "he" halina kazi tena, "My father is ill" yatosha. Lakini baada ya kiunganishi tazameni sana. Baada ya "and", "but" na "or", kiwakilishi chaweza kuachwa ikiwa mtenda ni yule yule: "He came and sat down." Baada ya "because", "when", "if" na "although", kitendo hakikubali kusimama bila mtenda wake. Usiseme, "He did not come because was ill." Sema, "because he was ill."

Jambo la nne ni viunganishi viwili kwa kazi moja. Kiswahili chakubali, "Ingawa ni maskini, lakini ni mwaminifu." Kiingereza hutosheka na kimoja. Chagua "Although he is poor, he is honest," au "He is poor, but he is honest." Ukiviweka vyote viwili, ni kama kufunga mzigo mmoja kwa kamba mbili, na kamba moja ilitosha.

Mwisho, jihadharini na "he" pasipo kujulikana ni nani. Tukisema, "Asha alimwambia Juma ya kuwa amechelewa," haijulikani aliyechelewa ni Asha au Juma. Hapa Kiingereza chatusaidia, maana "she was late" ni Asha, na "he was late" ni Juma. Lakini wakiwa wanaume wawili, msaada huo hauko tena. "Ali told Juma that he must pay": nani alipe? Ali aweza kusema ni Juma, na Juma aweza kusema ni Ali, na barua ile yawaunga mkono wote wawili. Katika mambo ya fedha na ahadi, rudia jina bila ya haya: "Ali told Juma that Juma must pay." Haipendezi sikioni, lakini haileti ugomvi.

Kabla ya kuagana, nawaachia zoezi. Fasirini sentensi hizi tatu kwa Kiingereza, kisha mzipime kwa kanuni tulizotaja: "Mwalimu alituita mimi na Asha." "Tulikula na Ali," nanyi mlikuwa wawili tu. "Ingawa alichoka, lakini alimaliza kazi." Majibu ni haya: "The teacher called Asha and me." "Ali and I ate." "Although he was tired, he finished the work", na kama aliyechoka ni mwanamke, wekeni "she" mahali pa "he".

Mkiisha kuandika barua yoyote ya Kiingereza, isomeni tena mara moja kwa ajili ya maneno madogo tu. Kwa kila kiwakilishi ulizeni, "Huyu ni nani, na wako wangapi?" Kwa kila kiunganishi ulizeni, "Chafunga nini na nini?" Ikiwa mna jibu moja tu kwa kila swali, fungeni bahasha.